Ngozi ya Mbuzi Mmoja: Hesabu ya Pipa na Mkono

Mizani ya jikoni ilisoma kilo 2.1. Ilikuwa siku ya Idi ya kuchinja, ngozi ya beberu ingali na uvuguvugu, imekunjwa ndani ya beseni la kufulia. Wiki tatu baadaye niliiweka tena kwenye mizani ileile ikasoma gramu 400. Kilo 1.7 zimekwenda wapi, na imenigharimu nini kuziondoa? Makala haya yanajibu maswali hayo mawili, na la tatu linafuata lenyewe: ikiwa mtu mmoja anaweza kufanya hivi uani, kwa nini ngozi za mbuzi bado zinafukiwa shimoni kila Idi?

Sababu ya kuanza ilikuwa ya kifiqhi zaidi kuliko ya biashara. Ngozi ya mnyama wa udhiya, yaani wa kuchinjwa Idi, haiuzwi, wala mchinjaji halipwi kwayo ujira wake. Yeye hupewa fedha taslimu. Kuitoa sadaka kunaruhusiwa, na kuitumia nyumbani kunaruhusiwa. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwani kila nyumba ya pwani ilikuwa na msala wa ngozi au ngoma ya kuwamba. Siku hizi misala inatoka madukani ikiwa ya nyuzi za plastiki, na ngozi inabaki ndani ya beseni ikinuka huku kila mtu akijifanya haioni. Nilikuwa na ngozi mbili. Moja nilitaka iwe msala, manyoya yakiwa juu yake. Ya pili nilitaka iwe ngozi ya kushona, laini, isiyo na unyoya.

Neno moja kuhusu bei kabla ya hesabu. Bei ninazotumia nimezizungusha ziwe rahisi kukokotoa, na ni za mtu anayenunua rejareja Morogoro. Kwako chumvi inaweza kuwa nusu ya hiyo na maji yakawa bure. Futa zangu uweke zako. Vipimo vya uzito, lita na saa ndivyo vya kushika, kwa sababu ngozi ya mbuzi ni ileile Morogoro na Garissa.

Gharama ya kwanza ni muda, nao unaanza kuhesabiwa kisu kinapotoka. Ngozi mbichi ni maji kwa takriban theluthi mbili, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini, hasa kolajeni. Kwa bakteria hicho ni chakula kilichotengwa mezani. Bakteria anayejigawa kila nusu saa anakuwa 4,096 baada ya saa 6. Mwaka uliotangulia niliiacha ngozi tangu asubuhi mpaka baada ya magharibi, kwa sababu wageni walikuwa wengi na pilau ilikuwa haijaiva. Ilikuwa haijaanza kunuka. Siku tatu baadaye, nikiivuta kwa upole, manyoya yakaanza kutoka kwa mafungu kama nyasi zilizopandwa kwenye mchanga. Hakuna dawa inayorudisha unyoya ulioachia mizizi. Ngozi hiyo nikaifukia.

Safari hii nilitia chumvi ndani ya saa 2. Kanuni ya wachuna ngozi ni kati ya theluthi na nusu ya uzito wa ngozi. Kwa kilo 2.1 nikatumia kilo moja ya chumvi ya mawe, nikaisugua upande wa nyama mpaka kwenye kingo na mikunjo ya miguu, nikaikunja na kuiinamisha juu ya ubao ili maji yachuruzike. Shilingi 1,000. Katika orodha yote hakuna matumizi yenye faida kubwa kuliko hayo. Ngozi iliyotiwa chumvi vizuri inaweza kukusubiri wiki kadhaa, na isiyotiwa haikusubiri mpaka kesho.

Kisha ikaja kazi ambayo sikuambiwa na mtu: kupara. Upande wa nyama una utando mweupe, vipande vya mafuta na mabaki ya nyama, na visipoondoka, dawa haipiti. Unalaza ngozi juu ya gogo lililolainishwa, unaegemea kwa tumbo kuibana, na unasukuma kisu butu kwa mikono miwili kuelekea chini. Kisu kikiwa kikali kinatoboa. Kikiwa butu mno kinateleza. Utando unatoka kidogokidogo, na sehemu za ubavuni, ambako ngozi ni nyembamba kama karatasi ya mfuko wa saruji, unapara kwa pumzi iliyozuiwa. Ngozi moja ilinila saa mbili na nusu na mgongo wa siku mbili. Takataka zilizotoka, gramu 300 na ushei, zilikwenda kwa kuku.

Hapo njia mbili zinaachana. Ya shabu ndiyo fupi.

Shabu ni ile fuwele nyeupe ambayo vinyozi wa zamani walipaka baada ya kunyoa, na ambayo wengine hutumia kutuliza tope la maji ya kisima. Kipimo nilichofuata kimetoka katika kijitabu cha Wizara ya Kilimo ya Marekani cha miaka ya 1920, kilichoandikiwa wakulima waliotaka kujitengenezea ngozi shambani. Ukigeuza ratili na galoni zao, unapata gramu 454 za shabu katika lita 3.8 za maji, na pembeni gramu 227 za chumvi na gramu 113 za magadi ya kufulia katika lita 1.9. Maji ya magadi yanamiminwa taratibu sana ndani ya maji ya shabu, yakitoa povu, ndipo ngozi inazamishwa siku 2 mpaka 5. Ukimwaga kwa pupa mchanganyiko unaganda kama uji wa muhogo na shabu yako imepotea.

Shabu ya kilo moja nikiikadiria shilingi 8,000, iliyotumika ni ya 3,600. Ongeza chumvi zote, magadi, mafuta ya kupaka na ndoo tatu za maji, jumla inafika 7,050. Mkono ulifanya kazi saa 7, kupara kukiwamo. Kibarua wa kutwa nimemkadiria shilingi 10,000 kwa saa 8, yaani 1,250 kwa saa, kwa hiyo saa zangu ni 8,750. Msala mzima umesimama kwa 15,800. Ni mweupe upande wa ndani, laini, unapendeza, na una udhaifu mmoja mkubwa: shabu haishikamani na kolajeni kwa nguvu. Ukiuloweka na kuufua, shabu inatoka na maji na unarudishiwa ngozi mbichi inayokauka kuwa ngumu kama ungo. Kwa msala si neno, maana haufuliwi, unakung'utwa na kuanikwa. Kwa viatu ni hasara tupu.

Njia ya pili ni ya magome, na hapa ndipo hesabu inakuwa tamu.

Kudabaghi kwa magome maana yake ni kuipa kolajeni tanini, kile kitu kikali kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Afrika Mashariki ina utajiri wake. Magamba ya mikoko yana tanini nyingi, na enzi za Wajerumani yalisafirishwa kwa meli kutoka delta ya Rufiji kwenda Ulaya. Leo mikoko ni hifadhi na mtu mwenye akili hachubui. Migunga ina tanini kwenye magome na kwenye maganda ya mbegu. Lakini mfalme ni mwati, mti uliotoka Australia na kustawi kwenye nyanda za baridi. Pale Njombe kampuni ya miwati, Tanganyika Wattle, ipo tangu 1949, na upande wa Kenya jina la Eldoret lilifungamana na biashara hiyohiyo. Gome kavu la mwati lina tanini karibu theluthi ya uzito wake. Kiwandani huchemshwa, maji yakakaushwa, ukapatikana unga wa kahawia wenye tanini zaidi ya asilimia 60, ambao mafundi wanauita mimosa.

Hapo nilitegwa na ubahili wangu mwenyewe. Ngozi ya mbuzi inataka unga wa takriban robo ya uzito wake, yaani gramu 500. Kwa shilingi 6,000 kilo, ni 3,000. Nikasema nitumie magome, hayo ni ya bure, nilikuwa na gunia dogo nililopewa. Kupata tanini ileile kwa kuchemsha nyumbani nilihitaji magome makavu kilo 2, nikayachemsha mara mbili, saa mbili kila mara. Mkaa ukaisha makopo mawili, shilingi 2,000 kila moja. Kwa hiyo magome ya bure yaliniuzia tanini kwa 4,000, na isitoshe sehemu ya kwanza niliichemshia kwenye sufuria ya chuma. Tanini ikikutana na chuma inageuka wino. Nilifunua nikakuta kitu cheusi tititi. Kwa anayetaka ngozi nyeusi hiyo ni siri ya bure, nami sikuitaka. Nikanunua unga.

Ngozi isiyo na manyoya hupitia chokaa kwanza. Lita 10 za maji, gramu 400 za chokaa. Hapa kuna tarakimu ndogo inayowapotosha wengi: maji ya kawaida huyeyusha chokaa gramu 1.7 hivi tu kwa lita. Kati ya gramu zangu 400 ziliyeyuka 17, zilizobaki zikalala chini kama uji. Ndiyo maana ukiongeza chokaa mara mbili ngozi haiharakishwi. Kinachosaidia ni kukoroga, ili ile iliyolala ipande kuziba pengo la iliyotumika. Siku ya nne manyoya yaliachia kwa mgongo wa kisu, yakatoka kama sufi, na ngozi chini yake ikawa nyeupe, imevimba, inateleza kama kambale. Vaa glovu na ulinde macho. Maji hayo yanaunguza. Viwanda huongeza salfaidi ya sodiamu ili kuyeyusha manyoya kwa haraka. Nyumbani usiiguse, kwa sababu ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua mtu kabla hajajua kinachomuua.

Chokaa inatolewa kwa kuosha mara nyingi, kisha kwa maji ya pumba yaliyochachuka na limau. Halafu ngozi inaingia kwenye maji ya miwati, na kosa la pupa linarudi. Ukiweka gramu 500 zote siku ya kwanza, sehemu ya nje inaiva upesi na kufunga mlango, ya ndani inabaki mbichi. Nilianza na gramu 100 katika lita 10, nikaongeza kila siku mbili. Asubuhi na jioni niliigeuza dakika 10. Siku ya nane nilikata kipande chembamba ukingoni, karibu na shingo, nikakitazama mkato wake juani: kahawia juu, kahawia chini, na katikati mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kushonea. Mstari huo ndio saa yako. Siku ya kumi na nne ulikuwa umetoweka.

Siku 14 kwa unene wa milimita 1.2 hivi. Na ng'ombe je? Dawa inapenya ngozi kwa kuenea, na muda wa kuenea hukua kwa mraba wa unene. Ngozi nene mara 4 inataka muda mara 16: siku 224, zaidi ya miezi saba. Ndiyo maana mashimo ya kale ya Ulaya, yaliyotumia magome ya mwaloni, yaliweka ngozi ya soli kwa mwaka na zaidi. Atakayekwambia atadabaghi ngozi ya fahali uani kwa wiki mbili, muulize kama amewahi kuikata katikati. Anza na mbuzi.

Jaribio la mwisho la uivaji nililifanyia ndani ya kikombe. Nilikata vipande viwili vya upana wa kidole, kimoja cha ngozi mbichi niliyoweka akiba, kingine cha miwati, nikavitia kwenye maji ya moto yasiyochemka, niliyoyapima nyuzi 70 kwa kipimajoto cha jikoni. Kipande kibichi kilijikunja mbele ya macho yangu kama utumbo kwenye mafuta, kikabaki theluthi ya urefu wake. Cha miwati kilitulia. Kolajeni mbichi husinyaa kwenye nyuzi 60 hadi 65, ya miwati huvumilia mpaka 75 au 85 kutegemea kazi ilivyofanywa, na ya kromu, dawa ya viwandani, hupita 100 bila kutikisika. Ikiwa huna maabara, chupa ya chai inatosha.

Baada ya hapo mafuta ya nazi yaliyochanganywa na sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha kulainisha, na huku ndiko kazi ilikojificha. Wahenga walisema ngozi ivute i maji. Walikuwa mafundi kweli, ila kwa ngozi ya kudabaghi ningeongeza neno: ivute ikiwa inaelekea kukauka. Ikiwa imelowa chepechepe unainyoosha, lakini nyuzi zake zinarudi kushikana inapokauka. Ikikauka kabisa inapasuka. Dirisha liko katikati, na kwa upepo wa kipupwe wa Juni, kivulini, lilikuwa kama saa 5. Ndani yake niliivuta juu ya ukingo wa ubao mbele na nyuma, ubavu kwa ubavu, nikaitundika, nikaishusha, nikaivuta tena. Kwa saa 4 jumla. Mke wangu alipita mara mbili akauliza kama dukani hakuna ngozi.

Haya ndiyo yaliyoandikwa daftarini kwa ngozi hiyo moja. Chumvi 1,000, chokaa 400, miwati 3,000, pumba na limau 1,000, mafuta na sabuni 1,000, ndoo tano za maji ya mkokoteni kwa 500 kila moja 2,500. Jumla 8,900. Saa za mkono: kupara 2 na nusu, kunyonyoa 1, kuosha na kutoa chokaa 1, kugeuza kwenye maji ya miwati 4 na dakika 40, kulainisha 4. Ni saa 13 na dakika 10; nikizizungusha ziwe 13, kwa 1,250, ni 16,250. Gharama kamili 25,150. Ngozi ilipopunguzwa kingo ilibaki futi za mraba 4.5, kwa hiyo kila futi imenisimamia 5,589.

Tazama mgawanyo. Dawa yenyewe, ile miwati ambayo kila anayeanza huihangaikia, ni asilimia 12 tu. Mkono ni asilimia 65. Ukipata miwati bure kabisa, futi yako inashuka kutoka 5,589 hadi 4,922. Ukipunguza saa za mkono kwa nusu, inashuka hadi 3,783. Mabishano yote ya wapishi wa ngozi kuhusu gome gani bora, na mti gani wa babu, yanahusu sehemu ndogo ya bili. Sisemi hayana maana. Rangi na harufu ya ngozi zinatoka humo. Lakini hayajibu swali la kwa nini ngozi ya nyumbani ni ghali.

Na maji nayo yanashangaza. Lita 100 kwa kilo 2.1 ni lita 48 kwa kilo. Kiwanda cha kawaida hutumia kati ya lita 15 na 40 kwa kilo ya ngozi ghafi. Sisi wa uani, tunaojiona wapole kwa mazingira, tunamwaga zaidi yao.

Sasa jirani akuletee ngozi zake, na wa pili, na wa tatu, mpaka ziwe 20. Hiyo ni kilo 40 na kitu, inayoingia kwenye pipa la plastiki la lita 200. Pipa moja la chokaa, moja la miwati. Mapipa mawili kwa 80,000, yakitumika kwa mikupuo 10 ya ngozi 20, ni 400 kwa kila ngozi. Kugeuza ngozi 20 ndani ya pipa moja ni dakika 15 asubuhi na 15 jioni, saa 7 kwa siku zote 14. Kwa kila ngozi ni dakika 21 badala ya saa 4 na dakika 40. Maji ya miwati yaliyochoka hayamwagwi, yanapokea ngozi mpya za mkupuo unaofuata, ambazo ndizo zinazotaka maji mepesi. Miwati inashuka hadi gramu 450, tena kwa bei ya jumla ya 5,000. Maji yanashuka hadi ndoo 3.

Pipa, kwa ufupi, linagawanyika. Mkono haugawanyiki. Ngozi ya ishirini inaparwa kwa mkono uleule kama ya kwanza. Mazoea yanasaidia: saa mbili na nusu zinakuwa moja, kulainisha kunashuka kutoka saa 4 hadi 2 na nusu, kunyonyoa nusu saa, kuosha robo. Jumla ni saa 4.6 kwa ngozi, na saa 3 na nusu kati ya hizo ni kupara na kulainisha peke yake. Kwa fedha ni 5,750. Vifaa na dawa, pamoja na lile pipa, vinafika 5,500. Hizi si za udhiya, kwa hiyo ngozi mbichi nimezihesabia 1,500 kila moja. Unafika 12,750 kwa ngozi, au 2,833 kwa futi ya mraba.

Usifurahi bado. Katika ngozi 20 nimeweka 3 za kuharibika: moja iliyooza begani kwa kukosa chumvi, moja iliyotobolewa mno, moja uliyoisahau kwenye chokaa ukiwa msibani. Mkupuo wote umekula 255,000, na ngozi 17 ndizo zinazobeba mzigo: 15,000 kila moja, 3,333 kwa futi. Zile tatu zimekuongezea shilingi 500 kwenye kila futi ya zilizopona. Anayetaka kuuza ngozi kwa futi atashindana na kiwanda chenye mashine ya kupara inayopitisha ngozi ndani ya nusu dakika. Hawezi. Lakini ngozi moja inatoa kanda za makubazi jozi tatu, hata ukitupa robo ya eneo kwa mashimo na kingo. Kwa hesabu ya pipa, ngozi ndani ya jozi moja ni 5,000. Kwa hesabu ya ngozi moja ya Idi ni 8,383. Zote mbili zinavumilika kwa kubazi linalouzwa 25,000. Kwa maoni yangu, mtu wa uani asiuze ngozi. Auze kilichoshonwa, au asiuze kabisa.

Wengi huuliza kwa nini nisitumie kromu, maana sehemu kubwa ya ngozi duniani, zaidi ya robo tatu, inapikwa hivyo. Kweli ni haraka: gramu 160 za unga kwa ngozi yangu, na siku moja kwenye pipa linalozunguka badala ya siku 14. Lakini katika upishi wa kawaida theluthi hivi ya kromu haishiki kwenye ngozi, inabaki majini. Kiwanda kina, au kinapaswa kuwa na, mtambo wa kuitega. Mimi nina mtaro unaopita mbele ya bustani ya mchicha ya jirani. Mtaa wa Hazaribagh kule Dhaka, Bangladesh, ulimwaga maji ya ngozi mtoni kwa miongo kabla ya viwanda kuamriwa kuhama, na ulipofungwa mwaka 2017 mto ulikuwa mweusi. Sitaki kuanzisha tawi lake Morogoro.

Morogoro yenyewe ina somo lake kuhusu ukubwa, na wenyeji wa umri wangu wanalikumbuka bila kuambiwa. Miaka ya 1970 palijengwa hapa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuza Ulaya. Kuta za bati la alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa, kwa joto la Morogoro. Hakikuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, yaani jozi 160,000, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Mashine zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kila kitu kabla ya mashine: ngozi nzuri, vipuri, umeme usiokatika, watu wa kuendesha.

Tufanye hesabu ya upande wa pili. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu Tanzania mbuzi milioni 24.5. Tuseme robo yao wanachinjwa kwa mwaka. Ni ngozi milioni 6.1. Zikipitia njia yangu ya pipa, zingetaka chumvi tani 4,900, unga wa miwati tani 2,750 na maji mita za ujazo 367,500. Zingetoa futi za mraba milioni 27 na nusu. Na kwa saa 4.6 kila moja ni saa milioni 28, ambazo kwa mwaka wa kazi wa saa 2,000 ni watu 14,000 walioinama juu ya magogo, wanapara. Tarakimu hiyo inaweza kusomwa kama ajira au kama adhabu. Baada ya saa zangu 13, mimi naisoma kama sababu ya kumtafuta fundi wa kutengeneza mashine ndogo ya kupara, ya kuzungushwa kwa mota au kwa mguu, ya kutumiwa na kikundi cha watu kumi. Kukosa kifaa hicho ndiko kunakoiweka ngozi shimoni. Tanini tunayo, chumvi tunayo, chokaa imejaa madukani.

Zile kilo 1.7 zilizopotea bado sijazitolea hesabu. Nyingi ni maji. Manyoya, utando, mafuta na protini isiyo kolajeni vilikwenda na chokaa na kisu. Kiwandani uwiano ni uleule: tani moja ya ngozi iliyotiwa chumvi hutoa kilo 200 hadi 250 za ngozi iliyokamilika. Manyoya niliyafukia penye migomba, yanaoza polepole. Uji wa chokaa, ulipotulia na kuchanganywa na mboji, haukudhuru kitu. Kilichonitia hasara ni maji ya chumvi yaliyobaki nilipoiloweka ngozi kuitoa chumvi. Niliyamwaga chini ya mpapai uliokuwa umeanza kuzaa, nikidhani maji ni maji. Majani yaliungua kingo ndani ya wiki moja, na mwezi haukuisha mti ukawa umesimama mtupu. Sikuutia daftarini. Mpapai mmoja na matunda yake, kwa bei ya soko la Mawenzi, ungeongeza gharama ya ngozi hiyo maradufu.

Na kuna mashimo. Nilipoiinua ngozi ya pili mbele ya mwanga wa dirisha niliyahesabu: 11, mengi ubavuni, mengine yamepitiliza, mengine ni mikato isiyofika upande wa pili, ambayo itapasuka siku ngozi ikivutwa. Hakuna lililotokana na chokaa wala miwati. Yote ni ya kisu cha siku ya Idi, dakika tano za haraka, mbuzi wengine sita wakisubiri kamba ileile. Ngozi ya mbuzi inaweza kuchunwa karibu yote kwa ngumi: kisu kinafungua mstari wa tumbo na miguu, kinawekwa chini, kisha konde linaingizwa kati ya ngozi na nyama na kusukuma. Inachukua dakika kumi zaidi.

Nilimfuata mchinjaji wetu wiki iliyopita nikamuonyesha ngozi juani. Akaitazama sana, akapitisha kidole kwenye shimo moja.

"Hii kazi yangu?"

"Yako, mzee."

"Mbona hukusema unaitaka?"

Tumekubaliana Idi ijayo. Ujira wake wa kawaida taslimu, na 2,000 juu yake kwa ajili ya ngumi.